Hatari iliyojificha katika neno 'mengineyo'

Kwa zaidi ya miaka kumi na mitano nimekuwa nikiwaambia wanafunzi wangu wa chuo kikuu kwamba hakuna neno dogo. Kiambishi kimoja humgeuza shahidi kuwa mshtakiwa; kiunganishi kimoja huvunja mkataba. Nimeyasema haya nikiwa nimesimama mbele ya ubao, chaki mkononi, kwa kujiamini kwa mtu ambaye hajawahi kutozwa faini kwa kosa la lugha. Faini yangu ilikuja mwaka 2022, katika wodi ya hospitali, na aliyeilipa si mimi. Aliilipa shangazi yangu, dada yake marehemu baba, kwa damu na kwa kiungo kimoja cha mwili wake. Neno lililotuponza ni 'mengineyo'.

Shangazi ni mwalimu mstaafu. Alifundisha katika shule za msingi za Pwani kwa miaka thelathini na minne, na yamkini baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu walipitia mikononi mwake na bado wanaukumbuka wino wake mwekundu. Mwaka huo macho yake yaligeuka manjano, ngozi ikawa inamwasha usiku kucha, na mkojo wake, kwa maneno yake mwenyewe, ukawa kama strungi. Picha zilionyesha kwamba kijiwe kilikuwa kimeponyoka kutoka katika kifuko cha nyongo na kukwama katika mrija unaopeleka nyongo kwenye utumbo. Waswahili husema jambo limetumbukia nyongo pale linapoharibika. Safari hii halikuwa fumbo.

Daktari alipendekeza kijiwe kitolewe bila ya kulipasua tumbo. Utaratibu wenyewe, kwa yeyote asiyeujua, ni huu. Mgonjwa hulazwa kifudifudi au kwa ubavu wa kushoto na kupewa dawa ya usingizi. Mpira mrefu mwembamba wenye taa na kamera hupitishwa mdomoni, ukateremka kwenye umio, ukapita tumboni hadi mwanzo wa utumbo mwembamba. Hapo pana kitundu kidogo ambamo mrija wa nyongo na ule wa kongosho hutolea vitu vyao. Daktari hukiingia kitundu hicho kwa kijimrija chembamba, akatia dawa inayoonekana kwa eksirei, akaukata kidogo msuli unaofunga mlango, kisha akakivuta kijiwe kwa kikapu cha waya. Madaktari wa Marekani waliripoti mwaka 1968 kwamba wamefaulu kukifikia kitundu hicho kwa kupitia mdomoni, na kufikia mwaka 1974 wenzao wa Ujerumani na Japani walikuwa wamekwisha kuonyesha namna ya kuukata msuli huo. Kabla ya hapo, kijiwe kilichokwama kilimaanisha kisu. Nayataja haya ili ieleweke mapema kwamba siandiki kuubeza utaratibu huu. Ni ufundi wa kustaajabisha, umeokoa watu wasiohesabika, na kijiwe cha Shangazi kilitolewa barabara.

Ililetwa fomu ya idhini. Ilikuwa ya kurasa mbili, kwa Kiingereza. Daktari, kijana mpole aliyekuwa na haraka, aliniangalia mimi badala ya mgonjwa na kuanza kueleza kwa Kiingereza. Shangazi aliisukuma fomu upande wangu. "Nisomee kwa Kiswahili, mwanangu," akasema. "Kiingereza nilikifundisha, lakini sijawahi kuugua kwa Kiingereza."

Nikasoma. Nilifika kwenye orodha ya madhara nikaitafsiri vizuri tu: kuvimba kwa kongosho, kutokwa na damu, kutoboka kwa utumbo, maambukizi, na mengineyo. Mwalimu ni mwalimu. Akanisimamisha hapo hapo. "Mengineyo ni yapi?" Nikamgeukia daktari, naye akajibu kwa Kiingereza kwamba hayo ni ya nadra sana. Nami, msomi wa lugha mwenye shahada ya uzamifu, nikamwambia, "Hayo hayatokei, Shangazi." Akatia sahihi.

Hebu tuitazame sentensi hiyo jinsi ambavyo ningeitazama darasani. Kiswahili kina kiambishi hu- cha mazoea: mvua hunyesha, watoto hulia, madhara hutokea. Lakini hu- haina ukanushi wake yenyewe. Tukitaka kuikanusha hulazimika kuazima umbo la wakati uliopo: mvua hainyeshi, watoto hawalii, madhara hayatokei. Umbo hilo moja hubebeshwa maana mbili, ya 'si kawaida kutokea' na ya 'kamwe hayatokei'. Mimi nilikusudia ya kwanza. Shangazi alisikia ya pili, na alikuwa na haki ya kuisikia, kwa sababu ndiyo iliyo karibu zaidi na sikio la mtu mwenye hofu anayetafuta kutulizwa. Kila mwaka huwa natunga swali la mtihani kuhusu jambo hili.

Jioni ya siku hiyo alianza kulalamika. Muuguzi alimuuliza kama tumbo linamuuma. Alijibu kwamba tumbo halina neno, ila ana kichomi cha ubavuni na bega la kushoto linamvuta. Muuguzi, binti mwema aliyekuwa na wagonjwa wengi kupita kiasi, akamwambia, "Ulilalia huo mkono mezani, Mama. Utapoa." Akaandika katika faili, kwa Kiingereza, kwamba mgonjwa ana maumivu ya kifua, na akamuuliza kama anakohoa. Ukizingatia kwamba 'kichomi' katika midomo ya wengi ni ugonjwa wa mapafu, huwezi kumlaumu sana. Damu ilichukuliwa ili kupima kama kongosho limevimba, kwa maana hilo ndilo dhara linalotarajiwa. Kongosho lilikuwa salama. Sote tukashusha pumzi, na mimi nikaenda zangu kulala.

Alfajiri alipojaribu kwenda msalani alianguka. Jasho baridi lilikuwa likimtoka, moyo ukimwenda mbio na shinikizo la damu limeshuka. Ndipo alipopelekwa kwenye mashine ya kupiga picha za ndani, na picha ikaonyesha damu imetanda kuuzunguka wengu, ambao utando wake ulikuwa umechanika. Kabla ya adhuhuri alikuwa amepasuliwa, wengu umeondolewa, na chupa nne za damu ya watu asiowajua zimeingia mwilini mwake.

Nilimuuliza daktari wa upasuaji swali ambalo bila shaka msomaji naye analiuliza. Wengu una uhusiano gani na nyongo? Ini na kifuko cha nyongo viko kulia. Wengu uko kushoto, umejificha nyuma ya mbavu ya tisa hadi ya kumi na moja. Ni kiungo cha ukubwa wa ngumi, kizito kwa gramu 150 hadi 200 hivi kwa mtu mzima, chenye damu tele na ngozi nyembamba. Kamera haikigusi kamwe. Jibu lake lilikuwa la wazi kiasi kwamba nilijiona mjinga kwa kutoliwaza. Mpira unapopita tumboni kuelekea utumbo, mara nyingine hujikunja kama upinde na kuusukuma ukuta wa tumbo upande wa kushoto. Ukuta huo umeunganishwa na wengu kwa utando na kwa mishipa mifupi ya damu. Mpira unaposukumwa, kuzungushwa na kuvutwa ili ukinyookee kitundu cha nyongo, utando ule huvutwa pamoja nao. Aghalabu hunyumbuka na kurudi. Lakini iwapo mgonjwa aliwahi kupasuliwa na makovu yakavigandamanisha viungo, au wengu wake umevimba kwa maradhi, mvuto huo waweza kuichana ngozi ya wengu au kuikata ile mishipa. Ni kama mtu avutaye kitambaa cha meza upande huu, kikombe kikaanguka upande ule.

Shangazi alipasuliwa tumbo mwaka 1987. Hakuna aliyeuliza, nasi hatukusema. Na katika nchi ambayo malaria imekuwa ikiuvimbisha wengu wa watoto na watu wazima kizazi baada ya kizazi, nafikiri swali la pili, 'Je, umewahi kuambiwa una wengu mkubwa?', lastahili kuulizwa kabla ya mpira kuingizwa, na kuulizwa kwa maneno ambayo mgonjwa anaweza kuyajibu.

Na bega je? Bega ndilo lililonisumbua zaidi. Kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo hupata hisia zake kwa mshipa wa fahamu unaoteremka kutoka shingoni, na mizizi ya mshipa huo ndiyo inayolihudumia pia bega. Damu ikimwagika chini ya kiwambo upande wa kushoto, ubongo hupata habari kwamba pana maumivu lakini huyaweka begani. Madaktari huiita alama hii kwa jina la Hans Kehr, mpasuaji wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1916, ambaye, ajabu ya mambo, umaarufu wake ulitokana na upasuaji wa nyongo. Jina la fundi wa nyongo limebaki katika alama ya wengu. Sisi wanaisimu tumezoea kufundisha kwamba ishara haina uhusiano wa lazima na kitu inachokitaja. Bega la Shangazi lilikuwa ishara ya aina hiyo hiyo. Alilitamka wazi, kwa Kiswahili fasaha, mara tatu katika usiku mmoja.

Ni lazima niwe mkweli kuhusu uchache wa jambo hili, nisije nikawatisha watu kwa makosa yaliyo kinyume na lile langu la kwanza. Kuvimba kwa kongosho hutokea kwa wagonjwa kati ya 3 na 10 katika kila 100 wanaofanyiwa utaratibu huu. Kutokwa na damu kwa kiasi cha kujali huwapata 1 au 2 katika 100, na kutoboka kwa utumbo chini ya mmoja. Kuumia kwa wengu hakumo kabisa katika daraja hilo. Tangu kisa cha kwanza kiandikwe mwishoni mwa miaka ya 1980, visa vilivyoripotiwa katika majarida ya tiba ya ulimwengu mzima ni makumi tu, ilhali utaratibu wenyewe hufanywa mara mamia ya maelfu kila mwaka. Bila shaka vipo visivyoandikwa, kama hiki cha Shangazi. Hata hivyo, daktari anaweza kuifanya kazi hii maisha yake yote asikutane nacho hata kimoja.

Nina rafiki daktari ambaye tulisoma naye shule ya upili. Nilipomlalamikia kwamba wengu haukutajwa katika fomu, alinijibu bila ya kunionea huruma. Alisema kwamba kama angewasomea wagonjwa kila jambo lililowahi kumpata mtu mmoja mahali fulani duniani, angesoma hadi magharibi, na mgonjwa angetoroka na kijiwe chake. Na kijiwe kilichoziba mrija hakisubiri: nyongo iliyotuama hushika vijidudu, vijidudu huingia katika damu, na mtu akafa katika siku chache. "Ungependa nimtishe shangazi yako kwa wengu," akasema, "hata akafie kwenu kwa nyongo?"

Nilimkasirikia kwa siku kadhaa, kisha nikakubali nusu ya hoja yake. Nakubali kwamba si lazima kila adha ya nadra itajwe kwa jina kabla ya matibabu. Orodha ndefu mno haimwelimishi mtu; humfanya aache kusikiliza, na mwenye kuiandika hujikinga kwayo zaidi kuliko kumkinga mgonjwa. Ninachokikataa ni mambo mawili. La kwanza ni uchache kugeuzwa kuwa kutokuwapo. La pili ni mgonjwa kuachwa bila ya kujua ni dalili zipi zinazomtaka apige kelele.

Katika hilo la kwanza, lugha yetu ina mitego yake. Tuna maneno mawili mazuri ya kutajia uchache, 'nadra' na 'adimu'. Lakini sikiliza jinsi yanavyotumika sokoni. Sukari ikiwa adimu, maana yake ni kwamba umekwenda dukani ukarudi na mfuko mtupu. Kitu adimu ni kitu kisichopatikana. Basi mgonjwa anapoambiwa kuwa hatari fulani ni adimu, akili yake humpeleka kwenye rafu tupu za dukani, akajisemea kwamba hatari hiyo haipo. 'Nadra' ni afadhali kidogo, ila ni neno la vitabuni, na mtu wa kawaida hulipokea kwa heshima bila ya kulipima. Dawa ya mtego huu ni nambari. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, karatasi zinazofungashwa pamoja na dawa zina kanuni: dhara linaloitwa la nadra ni lile linalowapata watu kati ya 1 na 10 katika kila 10,000, na la nadra sana ni lile linalompata chini ya mmoja katika hao 10,000. Neno limefungwa kwenye hesabu, haliwezi kuteleza. Sioni sababu ya wizara, vyuo na vyama vyetu vya Kiswahili kushindwa kuketi pamoja kwa juma moja na kuyapa maneno kama 'kwa kawaida', 'mara chache', 'nadra' na 'nadra sana' viwango vyake, yakachapishwa nyuma ya kila fomu ya idhini nchini.

Katika hilo la pili, gharama yake haifiki hata bei ya kalamu. Tuseme Shangazi angepewa kipande cha karatasi kisemacho: 'Baada ya kutolewa kijiwe, mwite muuguzi mara moja ukihisi maumivu mapya popote kati ya mbavu na kitovu, kulia au kushoto, ukihisi bega linauma bila ya sababu, ukihisi kizunguzungu, kiu kali au jasho baridi, au ukitapika damu.' Sentensi hiyo haitaji wengu. Haimtishi mtu. Inamhusu mwenye kongosho lililovimba, mwenye utumbo uliotoboka na yule mmoja ambaye wengu wake umechanika. Muuguzi naye akiwa na karatasi hiyo hiyo mkononi hatauliza tu, 'Tumbo linauma?', maana 'tumbo' katika Kiswahili ni neno pana mno. Ni mfuko wa chakula, ni eneo zima chini ya mbavu, na ni mimba pia. Mgonjwa aweza kukujibu kwa ukweli mtupu kwamba tumbo haliumi, naye anavuja damu ndani yake.

Wapo watakaosema kwamba haya ni matakwa ya msomi asiye na kazi. Lakini ni matakwa ya sheria kabla ya kuwa yangu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa matibabu yaliyopo pamoja na manufaa, hatari, gharama na matokeo yake, na, inapowezekana, afanye hivyo kwa lugha anayoielewa mgonjwa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya mama Mskoti aitwaye Nadine Montgomery, iliamua kwamba kipimo cha kinachostahili kuelezwa si mazoea ya madaktari, bali ni kile ambacho mtu mwenye busara aliye katika nafasi ya mgonjwa angeona kina uzito. Kwetu hospitali nyingi zingali zikimpa mgonjwa fomu ya Kiingereza, na mkalimani ni jamaa yeyote aliyekuja na uji. Siku ile mkalimani alikuwa mimi, na huenda hospitali ilijiona ina bahati. Mwingine hutafsiriwa na mtoto wa darasa la saba.

Hapa ningependa kuwageukia walimu wenzangu, kwa sababu kosa letu ni la zamani kuliko la hospitali. Tangu Kiswahili kifanywe somo la lazima na la kutahiniwa mwaka 1985, tumewafundisha watoto majina ya viungo vya mwili. Mtoto hukariri ini, figo, kongosho, nyongo, wengu. Hujua ngeli zake, na huandika kwa hati nzuri kwamba wengu pia huitwa bandama. Kisha kengele hulia, somo la sayansi huanza, na viungo vile vile hurudi vikiwa na majina ya Kiingereza, safari hii vikiwa na kazi, mahali na magonjwa. Katika Kiswahili wengu ni nomino. Katika Kiingereza ni kiungo. Matokeo yake ni kwamba nimewahi kuwauliza wanafunzi arobaini wa mwaka wa tatu, wote wa isimu, wanionyeshe kwa kidole wengu uko wapi. Saba waligusa kushoto. Mmoja aligusa shingo.

Si kwamba istilahi hazipo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Maneno yamelala humo, yamekunjwa vizuri kama shuka za wageni. Ini limetajirika kwa misemo, kwani tuna mkalia ini na kukata maini. Nyongo ina yake. Moyo ndio usiseme. Wengu hauna hata msemo mmoja ninaoujua katika lugha yetu, tofauti na Waingereza wa kale walioudhania kuwa makao ya hasira na huzuni, wakaujaza katika tamthilia zao. Kiungo kisichotajwa wakati wa uzima hakitatajwa vyema wakati wa ugonjwa. Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha msamiati wa mwili hahitaji ruhusa ya mtu ili aongeze sentensi mbili: wengu uko kushoto chini ya mbavu, huchuja damu na kusaidia kupambana na vijidudu. Wala mwalimu wa sayansi hatashtakiwa akiutaja wengu kwa jina hilo mara moja katika kipindi.

Shangazi yu hai. Anatembea, anagombana na majirani kuhusu mbuzi wao, na anasahihisha magazeti kwa kalamu. Lakini mtu asiye na wengu huishi kwa masharti. Alichanjwa dhidi ya vijidudu vya aina tatu ambavyo wengu ndio uliokuwa askari wake mkuu: vya nimonia, vya homa ya uti wa mgongo, na vile vya aina ya B vya Haemophilus influenzae. Hawezi kuipuuza homa. Homa ambayo mimi naweza kulala nayo hadi asubuhi, yeye yaweza kumuua kabla ya siku ya pili kwisha. Malaria nayo humtesa asiye na wengu kuliko wengine, na kwake ni Pwani, kwa hiyo chandarua si hiari.

Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani alipewa kadi ya kubeba kwenye mkoba, yenye maelezo hayo yote. Ilikuwa kwa Kiingereza cha kitabibu ambacho hata mimi nilikisoma mara mbili. Aliigeuza huku na huku, akaniuliza, "Hii wameniandikia mimi au wameandikiana wao kwa wao?" Nikaahidi kumwandikia nyingine. Nilikesha nayo usiku mzima, nikaichapa kwa herufi kubwa, nikampelekea kwa fahari ya mtu anayelipa deni.

Alivaa miwani, akatoa kalamu nyekundu. Nilipokuwa nimeandika kwamba sina wengu, alikata 'wengu' akaandika 'bandama', kwa sababu, alisema, hilo ndilo neno wanalolijua kwenye zahanati ya kijijini kwake. Nilipokuwa nimeandika kwamba maambukizi makali ni adimu, alilikata hilo 'adimu' kwa mistari miwili, akaandika juu yake: 'si mengi, lakini yapo'. Mwishoni, pale nilipokuwa nimeandika 'homa, baridi kali, maumivu ya kichwa na mengineyo', hakukata kitu. Alilizungushia duara neno la mwisho, akaweka alama ya kuuliza pembeni, na akanirudishia karatasi nikaandike upya.

Chini kabisa alikuwa ameniwekea alama. Sita kwa kumi.